Ufunguo wa Choo

Montijo, ng'ambo ya mto Tejo: Aprili, na baada ya Aprili

Sisi tulikuwa watengeneza vizibo.
Magamba ya miti yalishuka malorini,
yakachemshwa, yakabanwa, yakatobolewa,
na mimi, meza ya nne, kazi yangu kuchambua:
kizima huku, chenye ufa kule,
elfu nane kwa siku.
Nchi nzima ilikuwa imezibwa mdomo miaka arobaini na minane.
Nani alikichonga kizibo hicho, hatukuulizana.

Ufunguo wa choo ulining'inia shingoni mwa Hermínio,
msimamizi, kwa kamba ya kiatu.
Dakika tatu. Ya nne ilikatwa mshahara.
Deolinda, mimba ya miezi saba,
aliomba mara mbili kabla ya saa nne;
Ijumaa bahasha yake ikawa nyepesi.
Chama cha wafanyakazi tulikuwa nacho, ndiyo:
chumba, picha ya mkubwa, kiti kimoja,
na mwenye kiti hicho
alikula mchana mezani pa tajiri.

Kisha redio, usiku ule.
Asubuhi tuliingia kazini kama kawaida,
miguu ilikuwa haijapata habari.
Saa tatu mashine ya kutoboa ikazimwa.
Hakuna aliyeagiza.
Ndipo nikamsikia ndege juu ya bati,
labda alikuwa akiimba pale tangu niajiriwe.

Mei, tajiri alikwenda Brazili "kupumzika",
akapumzika pamoja na daftari za hesabu.
Tulikutana uani, kando ya birika la kuchemshia.
Wanaomtaka Zulmira, wainue mikono!
Nikainua wangu.
Maisha yangu yote kiwandani
sikuwahi kuinua mkono ila kuomba choo.

Hermínio akavua ile kamba, akamkabidhi.
Alama nyekundu ikabaki shingoni.
Tukampa nafasi meza ya nne, ubavuni mwangu,
vidole vyake vizito, havijui ufa.
Nilimfundisha. Sikumsamehe, nilimfundisha.

Oktoba, wanunuzi wa nje wakaacha kuandika.
Mshahara nusu, tuliupigia kura wenyewe.
Zulmira halali: kamati, benki, wizara,
ambayo kila wiki ilikuwa na waziri mpya.
Alhamisi moja Ilda, mtoto wa juzi,
akaomba ufunguo,
na Zulmira, akimpa,
akatazama saa.

Kidogo tu. Lakini tulimwona sote.
Hermínio aliinamia vizibo vyake;
hakucheka, hilo namhesabia.

Ajenda ya saba, kikao cha Jumatatu: ufunguo.
Utundikwe kwenye msumari, akasema huyu.
Sabuni itaibwa, akasema yule.
Mtu wa tatu akataka kitasa king'olewe kabisa,
wa nne akauliza, kwa gharama ya nani?
Saa mbili. Likaahirishwa.

Ilda hakungoja uamuzi.
Aliinuka, akaenda, hakumtazama mtu.
Alikaa dakika kumi na moja.
Najua, kwa sababu,
Mungu anisamehe,
nilihesabu.