Asilimia Sitini

Usiku wa Jumanne, Hull, mvua ya mshazari,
nimepiga magoti nyuma ya kochi
kama mtu anayetafuta hereni ya mkewe,
na ruta inanikonyeza kwa jicho la rangi ya chungwa.

Ghorofani Idrisa anapiga kelele: Baba, imekwama tena!
Jikoni Mgeni anaongea na dadake aliyeko Pangani,
na uso wa dadake umekuwa vigae,
jicho huku, kidevu kule,
sauti imetangulia kama radi iliyouacha umeme wake nyuma.
Unasemaje? Nani kafa?
Hakuna aliyekufa, nimesema kafika!
Silabi moja ikipotea njiani, mtu anazikwa.

Nimefanya ya wajinga na ya wajuzi.
Nimeichomoa, nimehesabu thelathini, nimeichomeka.
Nimeitenga na maikrowevu.
Nimeipandisha kabatini, nimeishusha.
Nimepuliza tundu la kebo kama anayepoza uji.
Nimepiga simu kwenye kampuni,
dakika arobaini za kinanda,
kisha kijana, Callum, kwa Kiingereza cha huku kinachomeza irabu:
Mpaka mlangoni kwako, bwana, megabiti mia zinafika zote.
Zinakopotelea ni ndani.

Zinakopotelea ni ndani.
Alisema, akanitakia usiku mwema.

Basi nikaingia ndani.
Mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta,
moja, nukta, moja.
Nywila imebandikwa tumboni mwa ruta
kwa herufi za kusomwa na siafu;
nimevaa miwani ya Mgeni juu ya miwani yangu.
Ukurasa wa kwanza, wa pili,
halafu mlango ambao sijawahi kuugusa: Mgawanyo wa Kasi.

Simu ya Mgeni, kumi.
Idrisa, kumi.
Televisheni, kumi na tano.
Mimi, tano.
Na juu kabisa, kipaumbele cha kwanza:
laptopu-ya-Riziki, asilimia sitini.
Haipo hewani.
Mara ya mwisho kuonekana: Septemba, tarehe kumi na nne.

Leo ni Februari.

Nikakumbuka. Ulikuwa mwaka wa mitihani yake,
na ni mimi niliyemwambia, jikatie utakavyo,
sisi makombo yatatutosha.
Alikaa papa hapa sakafuni, soksi hazifanani,
akabofya haraka kuliko macho yangu,
akasema, Baba, usiguse hapa.
Sikugusa.
Akaenda Aberdeen kusomea mambo ya vilindi vya bahari.
Siku hizi anapiga Jumapili, dakika sita,
na nyuma yake wenzake wanacheka.

Miezi mitano nyumba nzima inapumulia mrija,
na sitini ya mtu imekaa pale
kama wali uliofunikwa kawa
kwa ajili ya anayesema, nakuja, nakuja.
Riziki haivutwi kwa kamba, walisema.
Hawakuiona hii kebo.

Futa kifaa hiki?
Kishale kinatetemeka, au ni mkono.
Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kiwandani
nakaza skrubu za karavani za watu wanaokwenda likizo.
Baba!
Nimesikia, Idrisa.

Nimempa yeye ishirini na tano, anyamaze.
Mgeni arobaini, ili Pangani wawe na midomo.
Televisheni ishirini. Mimi tano zangu zile zile.
Pale juu nimeacha kumi.
Callum angeniambia ni hasara,
na hesabu iko upande wake.

Hifadhi.

Chungwa. Chungwa. Giza,
nyumba nzima kimya, mvua tu.
Halafu kijani.

Ghorofani hakuna neno.
Jikoni kiti kinavutwa karibu na meza,
na Mgeni, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa sikio:
Haya, sasa niambie vizuri.
Kafika nani?