Maji ya Jumapili

Ya kwanza niliiua kwa maji.
Ya pili pia. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda,
kikombe kizima, kama anayenywesha ndama,
hadi mizizi ikawa uji wa kahawia
na jani likachomoka mkononi bila kuvutwa.
Kavira akasema: Saa za watu unazigusa kwa pumzi,
okidi yako unaiogesha kama gari.

Hii ya tatu ilikuja kwa meli ya usiku kutoka Bukavu,
imefungwa gazeti, mapajani mwa shemeji Nabintu,
na kijiti cha plastiki kimechomekwa ubavuni:
jina, alama ya kuzidisha, jina.
Ile ile ya darasa la pili, mbili mara tatu.
Chotara, akasema. Wazazi wake hawajawahi kuonana,
mtu aliwakutanisha kwa ncha ya brashi.
Nikawatazama wanangu, Wanande kwa mama, Washi kwa baba,
wakigombania ukoko wa sufuria.

Udongo haitaki. Nikaenda nyuma ya choo,
pale ukuta wetu wa zamani ulipozikwa na lava,
nikapondaponda kwa nyundo
vipande vya ukubwa wa karanga, vyepesi, vyenye matundu,
nikaviosha mara nne hadi maji yakaacha weusi.
Jiwe lililokula duka la baba yangu
sasa linashika mguu wa ua.
Sikuliambia kitu.

Kopo la maziwa ya unga, matundu saba kwa msumari.
Dirisha la mashariki, jua la saa moja hadi saa tatu,
halafu pazia.
Maji ya mvua, ila si mvua ya kila upepo:
moshi wa mlima ukilalia upande wetu
matone yanakula bati, yanakwaruza koo,
siku hizo bidoni inabaki na kifuniko chake.
Wadudu weupe nawabandua kwa kibano cha saa.
Mzizi ukiwa kijani, ngoja.
Ukiwa wa fedha, kama tumbo la sambaza,
ndipo. Vijiko vitatu. Jumapili.

Mama Kanyere wa ng'ambo ya ukuta: Inaliwa?
Hailiwi.
Inatibu nini?
Sijui.
Utaiuza?
Hapana.
Akasimama na beseni lake kichwani,
akayasoma majani manne kama hati ya deni.
Basi ni ya nini?
Nilikuwa na lenzi jichoni, saa ya mtu imefunguka tumbo.
Sikujibu.

Usiku anga lilipogeuka jekundu tukatoka
na magodoro, na bibi yake Kanyere juu ya chukudu,
kwa miguu, hadi Sake.
Nilibeba kisanduku cha saa za wateja. Okidi niliisahau.
Niseme kweli: sikuisahau.
Niliiona, nikafunga mlango.

Siku kumi na tisa.
Tukakuta nyumba imesimama, majivu juu ya sahani,
juu ya picha ya arusi, juu ya kopo.
Mizizi imekauka, myeupe kama uzi wa kushonea.
Na chini ya jani la pili
kitu kidogo, kijani,
kama ncha ya mshale wa dakika,
kikielekea kwenye kioo.

Kilikwenda mwendo wake, miezi mitatu,
na mimi sikuweza kukitia ufunguo.

Manjano. Si ya bidoni,
si ya parachichi karibu na kokwa.
Labda kiini cha yai la kuku wa kijijini, kibichi bado,
na mdomoni mwa ua madoa mekundu
rangi ya anga ile, nikafikiri,
kisha nikakataa kufikiri.

Mama Kanyere alikuja bila beseni.
Akakaa kwenye kiti cha wateja, muda mrefu.
Nikachukua kijiko. Akanishika mkono,
akachomeka kidole kati ya mawe, kama anayepima mboga,
akakinusa.
Bado imelowa, akasema.
Subiri Jumapili.