Daftari la Pili

Tulilishusha debe kutoka mlimani Igogo,
mimi na kijana wa mkokoteni, jiwe kwa jiwe,
mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Ndani yake baba yangu, Budodi Lwinzi,
karani wa mizani wa chama cha msingi,
amekunjwa mara nne, ananukia mafuta ya pamba.

Chumba cha nyaraka kina feni moja
na madirisha yasiyofunguliwa,
kwani ziwa, asema Bi. Leokadia, husoma kwa kulamba:
pumzi yake ikiingia wiki mbili tu
wino unageuka wingu.
Akaninyang'anya kalamu, akanipa penseli.
"Humu haandiki mtu kisichofutika
ila waliokwisha kufa."

Tukatoa kimoja kimoja.
Stakabadhi ya kodi ya baiskeli.
Kadi ya kliniki ya kifua.
Barua ya mama kutoka Ukerewe, mistari mitatu:
mmoja wa salamu, mmoja wa kuomba sabuni,
mmoja umekatwa kwa wembe,
na hata leo sijui nani alimwonea nani haya.
Picha ya mtu tusiyemjua, amepakata redio
kama mzaliwa wake wa kwanza.
Kila kitu Bi. Leokadia alikipuliza, akakipa namba,
akakilaza kwenye bahasha isiyo na tindikali
kwa upole ambao baba hakuupata wodini.

Kisha madaftari mawili, majalada ya bluu.
La kwanza nalijua. Nilijifunzia kusoma humo,
mwandiko wa misheni, herufi zimesimama kama kwaya:
Jilala wa Misasi, ratili mia na arobaini.
Nkwimba wa Usagara, ratili tisini na sita.

La pili lilikuwa chini kabisa, limevikwa gazeti.
Majina yale yale. Siku zile zile.
Jilala, mia na hamsini na mbili.
Nkwimba, mia na tano.

Nikahesabu kwa vidole, mtu mzima mimi,
chini ya meza ili Bi. Leokadia asinione.
Kumi na mbili. Tisa.
Zilidondoka wapi, kati ya ndoano ya mizani
na ncha ya kalamu?
Nikaikumbuka sketi yangu ya shule,
marinda yake makali, mpya kila Januari,
na wenzangu wakirithi za dada zao.

Mwizi hatunzi hesabu ya kweli.
Au ndiye peke yake aitunzaye?
Pembeni mwa majina matatu, kati ya mia mbili na kumi na moja,
kuna alama ndogo nyekundu.
Alilipa? Alitubu? Alijaribu tu kalamu?
Kwa Nkwimba hakuna alama.

Fomu ina visanduku vitatu:
wazi kwa wasomaji; lifungwe miaka thelathini; lirudishwe kwa familia.
Bi. Leokadia aliniuliza
kama aulizaye chai ya rangi au ya maziwa.
Kaka yangu Shigela, kwenye simu, hakusita:
"Funika kombe, mwanaharamu apite."
Sawa. Ila wahenga hawakusema
lifunikwe miaka mingapi,
wala mwanaharamu ni nani,
anayepita au aliye ndani ya kombe.

Nikatia tiki. Wazi.
"Fomu haijazwi kwa penseli," akasema,
akanirudishia kalamu yangu.
Mkono ulikuwa mzito kama gunia lenye umande.

Akija mjukuu wa Nkwimba,
hata kama amekuja kutafuta jambo jingine,
mpaka wa shamba, mwaka wa kuzaliwa wa bibi,
ni kasha la saba, rafu inayotazama ziwa.
Mwambieni aanze na la chini.

Debe nikarudi nalo.
Tupu, na halikuacha kuvuma,
likigonga kila jiwe la Igogo
hadi majirani wakatoka kutazama.