Ukurasa wa Tisini na Nne

Kitabu nilikiazima kwa nesi wa zahanati,
jalada limeng'oka, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Nakisoma ghalani, hapa Newala, kati ya gunia na gunia,
wakulima wakisubiri mnada,
ukungu wa asubuhi ukiingia bila hodi.

Anayesimulia ni askari. Hana cheo.
Nilidhani atanipa bendera na parapanda,
maadui wanaodondoka kama mabibo.
Akanipa soksi.
Kurasa nne nzima za soksi mbichi,
kucha zinazobanduka, kuhara ndani ya handaki,
na jinsi mtu anavyoweza kumchukia rafiki yake
kwa sababu tu anatafuna biskuti kwa kelele.

Neno "shujaa" halimo.
Nimehesabu. Mimi ni karani, kuhesabu ndiyo kazi.

Ukurasa wa tisini na nne wanavuka mto usiku.
Maji ya kifua, bunduki juu ya vichwa.
Wa mbele yake anateleza. Hapigi kelele,
maana wameambiwa wasipige kelele.
Anazama kwa utii.

Mizanini palikuwa na gunia la kilo themanini.
Nikaandika sabini.
Mwenyewe akanifokea, na haki anayo.

Kwetu yuko mjomba Nandonde.
Alikwenda Kagera na meno yote, akarudi na redio:
ndivyo tunavyomtania, naye hucheka.
Lakini bondeni, Ruvuma, hajashuka tena.
Hata dada yake alipozikwa ng'ambo
yeye alibaki uani anaziba pancha ya baiskeli.
Tulimsema mwaka mzima.

Jioni nikampelekea kitabu.
Siku hizi haoni, ikabidi nimsomee.
Kwenye soksi akacheka mpaka akakohoa:
"Huyo alikuwepo. Huyo hakuhadithiwa."
Tulipofika mtoni
nikaruka.
Nikadakia walipokwisha vuka, wanakamua mashati,
wananong'ona majina gizani.

Akanyamaza.
Akaupapasa ukurasa kwa kidole
kilichobabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho,
taratibu, kama anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli.

"Waliingia wangapi?"
"Saba."
"Wametoka?"

Nilihesabu tena, ingawa nilijua.
"Sita."

"Basi rudi nyuma, Somoe," akasema.
"Umemruka mtu."