Sifuri Sifuri

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi mbili:
ile ya Julai, inayoshuka Loleza usiku na kupenya soksi,
na ile ya kiyoyozi, tuliyokatazwa kuizima
kwa sababu mashine, si mimi, ndiyo iliyoagizwa kwa fedha za kigeni.
Mlinzi, Mwashiuya, aliniletea chai kwenye kopo la maziwa ya unga
akaishia mlangoni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi,
na vumbi, tuliambiwa, ni adui wa kanda.

Kanda: utepe mweusi kwenye gurudumu.
Kanda: Mbozi, Rungwe, Ileje, hadi mpakani.
Hii ya pili ilizungushwa ndani ya ile ya kwanza,
wakulima wa kahawa elfu nne mia moja na kumi na wawili,
jina, kijiji, kilo, deni la mbolea.
Jina lilipewa herufi ishirini, nafasi ikiwemo.
Anyelwisye Mwakabanje alipoteza e yake ya mwisho
na hakuna aliyemwomba radhi.

Faili haliguswi kabla ya kufunguliwa,
na halifunguliwi hivihivi. Unataja nia.
Kufungua kwa kusoma ni kupiga hodi,
kuhesabu walioketi, kuaga.
Kufungua kwa kuongeza ni kuja na kigoda chako
ukae mwisho wa mstari.
Kufungua kwa kuandika
ni yule mwalimu aingiaye darasani na dasta mkononi,
afutaye ubao kwanza
ndipo aulize, "Jana tuliishia wapi?"

Nilitaka kusoma.
Niliandika kuandika.

Neno moja, mstari wa mia mbili na kumi na sita.
Mashine haikuguna. Haikusema, Tusekile, una hakika?
Ililitafuta faili, ikalipata, ikalifungua nilivyoomba,
na mahali pa hali ikaniwekea tarakimu mbili:
sifuri sifuri.
Yaani salama. Yaani hakuna hitilafu.
Ingesema thelathini na tano, ningejua faili halipo.
Ingesema kumi, ningejua nimefika mwisho.
Sifuri sifuri, nikamaliza chai yangu.

Nakala ya akiba ilikuwa Dar es Salaam,
au ilisemekana iko.

Asubuhi Bwana Halinga alivua miwani, akaivaa, akaivua.
Hakunifukuza. Alitangaza kila mkulima aje na stakabadhi,
na wakaja nazo, kwenye mikebe ya dawa, ndani ya Biblia,
moja imeshonwa kwenye pindo la kitenge,
moja imetafunwa: panya aliacha kilo, akala deni,
na sisi tukamwamini panya.

Wa kwanza kwenye foleni, kufuli likiwa bado mlangoni,
alikuwa mwanamke wa Igamba.
Stakabadhi kumi na moja, zote za marehemu.
Niliinua kalamu nimrudishe mumewe kama alivyokuwa.
"Kwani humo ndani kuna mtu?"
Nikamwambia hapana, mama, ni tupu.
"Miaka sita naambiwa jina langu haliingii
kwa sababu yeye yumo.
Sasa hayumo."
Akalitamka taratibu, kama anayemhesabia mtu chenji:
Sikudhani Nzunda.
Herufi kumi na tano na nafasi moja. Liliingia lote.

Usiku nilirudi kwenye mstari wa mia mbili na kumi na sita.
Nilitazama lile neno hadi likapoteza maana,
kisha nikaliacha lilivyo. Kuandika.
Rekodi ya kwanza, yeye.
Mashine ikajibu sifuri sifuri,
kwa utulivu uleule wa jana,
kama isiyokumbuka kitu.