Kwa Sayi, Aliyeniuliza Aanzie Wapi

Sayi, yoga usiianze kwa kununua mkeka.
Anza kwa kutafuta mahali pasipoteremka.
Hapa Mabatini najua ni kazi:
nyumba zetu zimepanda mawe kama mbuzi,
na kwangu mimi, likidondoka chungwa jikoni
nalifuata mlangoni.
Ilinichukua mwezi mzima kugundua
kwamba mguu wangu wa kushoto haukuwa mbovu.
Mbovu alikuwa fundi.

Kitenge kilichochakaa, kikunje mara nne chini ya goti.
Matofali mawili ya kuchoma, yakung'ute vumbi,
yatakusogezea ardhi pale mkono unapogoma kufika.
Usione haya. Ardhi haiulizi umeifikiaje.

Amka kabla ya honi ya kivuko cha Kamanga,
tumbo likiwa tupu. Niliwahi kujaribu
baada ya ugali wa muhogo na kichwa cha sangara;
nilipoinama mimi, sangara akainuka.

Dakika kumi. Nisikilize: kumi.
Jirani yangu Milembe alianza na saa nzima,
akaita na watoto wamtazame,
Jumatano yuko kitandani, kiuno kimefungwa khanga.
Kumi, za kila siku, hata siku ya usubi
unapopanda kutoka ziwani kama moshi
ukakuingia puani katikati ya pumzi.
Vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa sita,
kama unavyomimina dagaa kwenye kopo la kupimia:
ukiwa na haraka, nusu iko chini.

Simu izime. Yule binti wa kwenye video
ana mifupa yake, nawe una yako,
iliyobeba ndoo tangu darasa la pili.
Ukitaka mwalimu wa kusimama kwa mguu mmoja
shuka Kirumba, mtazame korongo jalalani:
ananuka, ana upara, hatikisiki.

Maumivu ni ya namna mbili.
Ya kuvutika, kama bawaba yenye kutu: kaa nayo.
Ya kuchoma, kama mwiba wa gogogo: toka upesi.
Hakuna atakayekutofautishia.

Na utaacha. Mimi niliacha wiki saba,
mama alipolazwa Bugando.
Usiku mmoja, kwenye benchi la korido,
nikaweka nyayo mbili chini,
nikahesabu nne, nikahesabu sita,
naye nyuma ya ukuta anakohoa,
na sakafu ile, Sayi,
ilikuwa sawa kabisa.

Sikunyoosha kitu.
Kesho yake nikayatafuta matofali.
Moja mama alikuwa amelizuilia mlango wa kuku.