Wakati Ndoo Haijajaa

Mnanisikia?
Ndivyo ninavyoanza kila Jumamosi saa tatu,
na shikamoo zao hunijia vipandevipande,
"shika", kisha kimya, kisha "moo",
kama mtu aliyejikwaa kizingitini.
Marahaba, nasema, mliofika na mlio njiani.

Niko Nkuhungu, chumba cha nyuma.
Nimetundika kitenge kifiche pasi na masufuria.
Upepo wa Julai unang'ang'ania bati.
Kwenye kioo wamo kumi na mmoja,
miraba myeusi yenye majina,
maana kuwasha kamera ni kuchoma bando.

Ndahani yuko Mpwapwa;
jogoo wa kwao huhudhuria kuliko yeye.
Hawa, wa Kwa Mtoro, hupanda kichuguu nyuma ya zahanati,
ndipo mtandao unapomfikia, magotini kwanza.
Na Sechelela, Bahi, hana kompyuta.
Simu ni ya mama mdogo,
na saa nne simu huondoka na mama mdogo kwenda kuuza mchele.
Programu zake huziandika kwa kalamu ya bluu,
hupiga picha, hutuma,
nami naziingiza herufi kwa herufi, bila kumsaidia,
kosa lake nikiliacha libaki lake.
Mstari wa tatu, namwandikia, nukta pacha haipo.
Kesho yake hunijibu
:
basi, hakuna neno jingine.

Walianza wakidhani kompyuta ina akili.
Haina, niliwaambia. Ni mtoto anayetumwa dukani:
ukisema nunua chumvi usiseme rudi,
atasimama na chumvi mkononi hadi kiyama.

Leo tunasoma kurudia.
Nikawapa mfano ninaoupenda,
miaka minne nautumia, haujanitupa:

    wakati ndoo haijajaa:
        ongeza lita moja
    sema "tayari"

Rahisi, mwalimu, akasema Ndahani.
Jogoo akaunga mkono.
Nikawa nageukia swali la pili
mara kipaza sauti cha Bahi kikafunguka,
muhula mzima hakijafunguka,
ikaingia pikipiki, akaingia mtoto analia,
halafu sauti nzito kuliko mwandiko wake:

"Mwalimu, na bomba likikauka?"

Samahani?

"Ndoo haijajaa. Maji hayaji. Itaongeza nini?"

Nikaitazama mistari yangu mitatu.
Nje ya dirisha langu kuna simtanki ya lita elfu mbili.
Nilikuwa nimeandika dunia ambayo maji huja.

Nikaweka maji sifuri, nikaiendesha mbele yao.
Kishale kikapepesa. Kikapepesa.
Feni ya kompyuta ikaanza kuhema.
Haisemi tayari, haisemi nimeshindwa,
imesimama inakinga hewa,
kwa bidii, kwa utiifu,
inakinga hewa.

"Huyo dada yangu," Hawa akacheka kichuguuni,
"yuko bombani tangu alfajiri."

Hakuna aliyecheka naye. Kisha wote wakacheka.

Tufanyeje? nikauliza,
na safari hii sikuwa na jibu nililolificha.

Saa nne kasoro dakika tatu.
"Weka na," akasema Sechelela.
"Wakati ndoo haijajaa na bomba linatoka."
Na lisipotoka?
"Iseme imefika lita ngapi. Iende nyumbani. Irudi jio..."
"Lete simu, we mtoto, gari linaniacha!"
Mraba wa Bahi ukatoweka.

Mnanisikia? nikawauliza waliobaki,
ingawa mimi ndiye niliyekuwa sijasikia.

Usiku, mama mdogo akisharudi, picha ikaingia.
Kalamu ya bluu, ukurasa wenye alama ya chungu.
Na ipo. Lita ngapi ipo. Rudi jioni ipo,
ameipigia mstari mara mbili.
Nikaingiza herufi kwa herufi.

Mstari wa kwanza, nikamwandikia,
nukta pacha haipo.